Maiti Asiye na Mtani

Usiku wa jana niliota Baba mdogo Kapela anapiga kelele juu ya maiti, na maiti mwenyewe ni mimi.

"Haguswi huyu! Anazikwa Tabora! Mtoto ni wa kwetu!"

"Tabora ipi?" sauti ya mama ikamjibu. "Tabora hajawahi kuiona hata kwenye kalenda. Anazikwa hapa hapa Chanika, nyuma ya mnazi."

"Shemeji, usinipande kichwani."

"Nikupande kichwani, kwani unacho?"

Mi nimelala kwenye mkeka sebuleni, nimefunikwa kanga mpaka kidevuni, nawasikiliza. Kilichonishangaza ni kitu kimoja tu. Baba mdogo namwona, kasimama mlangoni, mishipa ya shingo imemtoka. Mama simwoni. Sauti yake inatokea tumboni kwangu.

Nikakumbuka. Ah, kweli bwana. Nilimmeza.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba. Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, akafa mi bado nanyonya. Mama ni Mzaramo wa hapa hapa Chanika, na ndiye aliyenilea mpaka nikamaliza kidato cha nne, na sasa kazi yangu ni kukaa barazani na kuangalia kuku wanavyoishi. Jana jioni Baba mdogo kaingia na viatu vyake vya ngozi vinavyolia kwi, kwi, akasema kanipatia kazi. Ghala la asali, Buguruni. Mwenye ghala anaitwa Mzee Kasongwa, Mnyamwezi, na haajiri mtu asiye wa kwao. Kesho asubuhi tunaenda wote, yeye ndiye atakayenitambulisha.

"Swali la kwanza atakuuliza kabila," akasema huku anakula. "We sema Mnyamwezi. Baba Mnyamwezi, mama Mnyamwezi, mpaka kuku wa kwenu Wanyamwezi. Upande wa mama yako umeze."

Mama alikuwa kakaa pale pale. Ndiye aliyepika hicho kinacholiwa. Akainuka, akakusanya vyombo, pamoja na sahani ya Baba mdogo iliyokuwa bado na wali nusu.

Dada yangu Sikudhani naye akaingilia. Huyu aliwahi kwenda semina moja mjini, na kitambulisho cha semina anakivaa shingoni mpaka leo, hata akienda kuteka maji. Akasema kumuuliza mtu kabila ni tusi. Akasema ni sawasawa na kumvua mtu nguo sokoni. Ukiulizwa unaondoka hapo hapo, huagi. Dada huyu huyu, akija mtu kumchumbia, kitu cha kwanza anauliza, "Ubini wake nani?" halafu anatikisa kichwa kama daktari aliyeona mapafu yametoboka.

Baba mdogo akatandikiwa mkeka sebuleni, mi nikaenda kulala. Nisieleweke vibaya: kazi naitaka. Naitaka sana. Ila sura ya mama wakati anakusanya vile vyombo ilinifuata mpaka kitandani.

Sasa ndotoni nilitii. Niliambiwa nimeze, nikameza. Mama akapita vizuri tu, mpaka kilipofika kilemba, kikakwama kooni, nikafa. Ndiyo habari yenyewe.

"Kimya!"

Piii!

Sikudhani kapanda juu ya stuli, ana filimbi mdomoni na kitambulisho shingoni. Yeye ndiye mwenyekiti wa msiba. Hakuna aliyemchagua, lakini ana filimbi.

"Natangaza," akasema. "Kwenye msiba huu hakuna kuulizana kabila. Atakayeuliza nampulizia. Atakayetaja nampulizia. Sisi ni watu wastaarabu."

Watu wakapiga makofi. Watu wa msibani wanapiga makofi kwa lolote, ilimradi pilau bado halijaiva.

Shida ikaja hapo hapo. Mtaani kwetu mtu hazikwi bila watani. Kama wewe si wa huku, nikueleze: kuna makabila ni watani tangu enzi za mababu. Wanatukanana, wanaibiana, na kukasirika hairuhusiwi kabisa. Wanyamwezi na Wazaramo ndio hivyo. Msiba ukitokea, watani wanafika kabla hata ya ndugu. Wanawapaka wafiwa unga usoni. Wanateka beleshi la kuchimbia kaburi, wanaingia kaburini wanalala, wanasema marehemu alikuwa mlafi, na hawatoki mpaka wakombolewe. Waliokuwa wanalia wanacheka, halafu wakirudi kulia wanalia vizuri zaidi. Hapo ndipo mtu anafukiwa, roho za watu zimetulia.

Basi watani wakaja wawili, mrefu na mfupi, wamebeba mfuko wa unga.

"Poleni sana jamani," mrefu akasema. "Haya, marehemu ni nani, tumtukane?"

"Ni Mihayo," shangazi mmoja akamjibu.

"Mihayo tunamjua, si yule wa barazani? Tunauliza ka..."

Piii!

Mrefu akamwangalia dada. "Sijamaliza."

"Ndiyo maana nimepuliza."

"Dada'angu, nitamtukanaje mtu nisiyejua matusi yake?" Mrefu alikuwa na uchungu wa kweli, si masihara. "Kila watu na matusi yao. Siwezi kusema marehemu aliuza shamba ili acheze ngoma, kumbe si Mza..."

Piii!

"Au niseme alibeba mzigo kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, alipofika akasahau kuutua, kumbe si Mnya..."

Piii! Piii!

Mfupi akakaa chini, akakumbatia mfuko wa unga, akaanza kulia. "Kazi gani hii sasa," akasema. "Mtu huwezi hata kumtukana maiti kwa heshima zake."

Sikudhani hakuyumba. "Marehemu ni binadamu. Inatosha."

"Binadamu hana mtani," mrefu akasema. "Mtani wa binadamu ni nani, mbuzi?"

Hapo ndipo wastaarabu wakaanza kazi. Shangazi akasogea, akapiga magoti, akanishika pua kwa vidole viwili. "Mi siulizi," akatangaza kwa sauti ili filimbi isikie. "Mi naangalia tu. Pua hii imetoka bara."

Nikasubiri filimbi. Haikulia. Sikudhani akakubali kwa kichwa. Kuangalia pua ruksa, maana pua haijaulizwa.

Basi wote wakanivamia. Mmoja anapima vigimbi vya miguu kwa kamba ya fundi cherehani. Mmoja ananusa nywele, anasema anasikia nazi. Mmoja kanifungua mdomo anahesabu meno. Jirani yetu mmoja, mtu mzima na heshima zake, ananikunja masikio kwa nyuma na kusema, "Mmh," halafu hasemi aliona nini. Kila mmoja anasema haulizi, anaangalia tu. Pilau halijapakuliwa bado nikawa nimeshapewa makabila yote ya nchi hii na mawili ya Msumbiji. Na hakuna hata mmoja aliyetukanwa kwa kuulizwa. Ustaarabu wa hali ya juu.

"Si mngeniuliza tu," nikasema.

"Maiti haongei," shangazi akasema, akanifumba mdomo, akaendelea na pua.

Wakaleta chakula. Upande mmoja michembe, vile viazi vitamu vya kukausha wanavyokula Tabora. Upande mwingine dafu. Wakasema tuone mkono wake unakwenda wapi, mikono haidanganyi. Mkono wangu wa kulia ukachukua michembe. Wa kushoto ukachukua dafu.

"Mwanangu," mama akasema tumboni.

"Unaohesabika ni wa kulia!" Baba mdogo akapiga kelele. Kwi, kwi, viatu vikaunga mkono.

Beleshi lilikuwa limeegemea ukuta muda wote huo, limenyamaza. Sasa likakohoa.

"Samahani wakubwa," likasema. "Mi nataka kujua, natekwa au sitekwi?"

"Hakuna anayekuteka," Sikudhani akasema. "Nenda kachimbe."

"Mi huwa natekwa kwanza. Nikishatekwa, nikakombolewa, ndiyo nachimba. Sijawahi kuchimba hivi hivi tu kama beleshi la barabarani."

"Utachimba."

"Sichimbi," likasema, likageukia ukuta.

Mambo yakakwama. Jua linapanda. Watani wamekaa, unga mapajani, hawana kazi. Shekhe anaangalia saa. Baba mdogo na tumbo langu wanatukanana kuhusu Tabora. Wote wana msimamo, wote wana sauti, na anayeanza kunuka ni mimi.

Mlango ukafunguka, likaingia jeneza. La msikiti, lile la siku zote, la kijani, mpini mmoja umefungwa waya. Lilikuja lenyewe.

"Panda," likaniambia.

"Na we huniulizi?"

"Mi nauliza urefu."

Nikalala ndani. Pazuri, panabana kidogo mabegani. Likaanza kutembea.

"Umebeba wengi?" nikaliuliza.

"Wote wa hapa."

"Wanatofautiana?"

"Uzito," likasema. "Na wengine wanasahau kuzima simu."

Tulipita dukani, tukapita kwa fundi baiskeli, tukakata kona ya kwenda makaburini. Tulipomaliza kona hapakuwa na makaburi. Palikuwa na Buguruni. Jeneza likasimama, likafungua kifuniko, mi nikajikuta niko ofisini, nimesimama, nina sanda na bahasha ya vyeti.

Nyuma ya meza kakaa Mzee Kasongwa. Ni dumu la asali. Dumu la njano, limevaa miwani. Pembeni nyuki wawili wanapiga chapa bila kuinua macho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kabila gani?"

"Nimekuja kwa ajili ya ile kazi."

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo. Kabila gani?"

Kwi. Baba mdogo kanikanyaga mguu kwa kiatu cha kushoto. Sijui alifikaje, jeneza lilikuwa la mtu mmoja.

"Mnyamwezi, mzee."

"Vizuri. Baba?"

"Mnyamwezi."

"Vizuri sana. Mama?"

Nikafungua mdomo.

"Mama yake nipo huku," mama akasema. "Mwasiti, wa Chanika. Nani mwenzangu?"

Dumu likavua miwani. "Nani huyo?"

"Tumbo, mzee," nikasema. "Sijanywa chai."

"Tumbo lako lina lafudhi ya pwani."

"Lilizaliwa huko, mzee. Mi mwenyewe nilipita tu."

Hili jibu nilipolitoa tumbo likanyamaza. Lilinyamaza vile vile kama jana wakati wa kukusanya vyombo. Nikajisikia vibaya mpaka kwenye vidole vya miguu, ambavyo vilikuwa vimefungwa uzi.

Dumu likaamuru nipimwe. Mzani wa ghala ukanibeba, ukafikiri, ukasema: "Nusu."

"Nusu nini?" dumu likauliza.

"Nusu tu. Mi siingilii mambo ya watu."

"Sinunui nusu," dumu likasema. "Mi nikitia maji kwenye asali wateja wananirudishia. Nataka kitu halisi."

Nikaangalia chini ya meza. Pale chini palikuwa na ndoo ya maji na bomba, bomba linaingia kwenye dumu. Sikusema kitu. Nilikuwa natafuta kazi.

"Ammeze vizuri, mzee, atakuwa kamili," Baba mdogo akasema. "Amekwama kidogo tu, ni kilemba." Akatoa mchi wa kinu kwenye koti, akanishika kidevu. "Panua. Panua, Mihayo. Unataka kazi hutaki?"

Nataka.

Anasukuma mchi. Kilemba kinashuka. Sauti ya mama inakwenda mbali, kama mtu anayeongea kisimani. Naona mlango wa ghala unafunguka kidogo, ndani kuna koti la kazi limetundikwa, limeandikwa jina langu. Mihayo. Limepigwa pasi. Nikimeza mara moja tu, lile koti langu, na mama sitamsikia tena. Nikimtema, mama yupo, koti naliacha pale pale msumarini.

Nikashika mchi kwa mikono yote miwili.

"Mzee," nikasema kwa pembeni ya mdomo, "naomba kuuliza na mimi. Ukishajua, unafanyaje?"

"Nikishajua nini?"

"Kabila. Kuna jamaa kule msibani naye anauliza hivyo hivyo, maneno yale yale. Ila yeye akishajua anakutukana, anakupaka unga, halafu anashuka kaburini kwako na jua lote hilo. We ukishajua unafanya nini?"

Nyuki wakaacha kupiga chapa. Dumu likafikiri kwa bidii, mpaka mfuniko ukaanza kuvuja.

"Nafunga mlango," likasema mwishowe. "Au nafungua. Basi. Sijawahi kufanya kingine."

"Hata kutukana kidogo?"

"Hapana. Nafunga tu, nawatakia kazi njema."

Nikaliangalia vizuri. Jamani. Mtu anakuuliza mpaka bibi yako alizaliwa wapi, halafu jibu lako analifanya komeo.

Meza ikawa inabonyea katikati. Nikadhani ni uzito wa asali, kumbe ni kaburi. Tuko Chanika, nyuma ya mnazi, watu wote wamezunguka, pilau limeiva na halijapakuliwa. Kaburi limechimbika lenyewe kwa hasira. Mchi bado uko mdomoni.

"Jamani muda," shekhe akasema. "Kama hana watani, azikwe hivyo hivyo, mkavu."

Watu wakaguna. Kuzikwa mkavu mtaani kwetu ni aibu, hata mwizi wa kuku alipakwa unga.

Mfupi akainua mkono kama mwanafunzi. "Basi atuambie mwenyewe, bila kuulizwa."

"Kujibu bila kuulizwa na kwenyewe kuna swali ndani yake," Sikudhani akasema, akaweka filimbi mdomoni tayari.

Hapo nikakumbuka kitu ambacho mtu yeyote mwenye akili angekikumbuka tangu asubuhi, ila wenye akili hawakualikwa. Baba yangu wa Tabora. Mama yangu wa Chanika. Nusu yangu ya kulia na nusu yangu ya kushoto ni watani. Mtani wa marehemu ni marehemu.

Nikachomoa mchi mdomoni, nikauweka pembeni, nikakaa.

"Maiti hakai," shangazi akasema.

"Nimekuja kama mtani," nikamwambia. "Maiti ni yule mwingine."

Akaridhika. Nikachukua mfuko wa unga mapajani kwa mfupi, nikajipaka usoni, mkono wa kushoto unapaka upande wa kulia, wa kulia unapaka wa kushoto. Nikasimama ukingoni.

"Ndugu wafiwa," nikasema. "Huyu Mihayo mnayemlilia alikuwa mvivu. Alikaa barazani mpaka baraza likaomba talaka."

Watu wakacheka. Mrefu akafuta macho. "Endelea, mtani," akasema kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kazi.

"Alikuwa mlafi pia. Akaambiwa, ukitaka kazi mmeze mama yako. Jamani, mtu unatafunaje mzazi kwa ajili ya dumu? Hata chumvi hakuomba!"

Kicheko kikubwa kikatoka tumboni. Mama huyo. Mama yangu akicheka hawezi kukaa sehemu moja, lazima atembee, apige mtu bega. Akacheka mara ya kwanza akafika kifuani. Akacheka mara ya pili, kilemba kikachomoka kooni, akatoka mzima, akasimama pembeni ya kaburi anajitengeneza kanga.

"Humo ndani pachafu," akaniambia. "Unakula nini wewe?"

Sikudhani akapuliza. Filimbi haikulia. Akaitoa, akaitazama.

"Dada, nimechoka," filimbi ikasema. "Mimi mwenyewe dukani kila mteja ananiuliza nimetengenezwa wapi. Nawajibu. Sijafa."

Nikaenda kwenye beleshi, nikalikamata shingoni. "Nimekuteka."

"Asante," likasema, likalegea lote kwa raha.

Halafu nikamgeukia Baba mdogo Kapela. Akarudi nyuma hatua moja, kwi.

"Mihayo, heshima! Mimi ni baba yako!"

"Upande wa baba, ndiyo. Shikamoo."

"Mara..."

"Ila leo nimekuja kwa upande wa mama. Upande huo wewe ni mtani wangu." Nikainama, nikamshika kifundo cha mguu, nikachomoa kiatu cha kushoto bila kufungua kamba.

"Afadhali," kiatu kikasema. "Miaka yote namsema huyu hanisikii."

Baba mdogo alijaribu kukasirika. Tulimwona anajaribu. Akakunja uso, akavuta pumzi, akafungua mdomo, hasira haikutoka hata kidogo. Ndiyo utaratibu, mtani hakasiriki. Akabaki anahema kwa mguu mmoja.

"Haya, sema unataka nini," akasema.

Nikakichomeka kiatu kiunoni kwa nyuma. "Hukipati mpaka usimame mbele ya Mzee Kasongwa, useme mama yangu ni nani na ni wa wapi. Kwa mdomo wako. Bila kumeza."

Watu wakapiga kigelegele. Pilau likapakuliwa.

"Samahani," jeneza likasema kutoka nyuma, "sasa anayezikwa ni nani? Maana nina msiba mwingine Pugu."

Nikaamka.

Asubuhi, jua dirishani, kuku wanaendelea na maisha yao. Mgongo unaniuma, kuna kitu kinanichoma kiunoni. Nikadhani nimelalia chaja. Nikapeleka mkono.

Sebuleni kelele zimeshapanda.

"Nimelala navyo miguuni! Viatu vyote viwili! Pwani hii naijua, siku zote nalala na viatu!"

"Labda hicho kimoja kimetangulia Tabora," mama anasema.

"Shemeji, sitaki utani asubuhi hii!"

Nikatoa mkono. Kiatu cha ngozi, cha kushoto, cha kahawia. Kamba bado imefungwa, mafundo mawili, imekazwa vile vile alivyoikaza yeye mwenyewe. Nikaiangalia kwa muda. Nikakirudisha kiunoni, nikavaa shati juu, nikachukua bahasha ya vyeti, nikatoka.

Baba mdogo kasimama katikati ya sebule kwa mguu mmoja, kashika ukuta. Mama anakunja mkeka. Sikudhani kashika chai, kitambulisho kinaning'inia juu ya kikombe.

"Shikamoo, Baba mdogo. Kiatu chako ninacho."

"Lete hapa!"

"Masharti si unayajua."

Alifungua mdomo kunifokea, akanitazama usoni, akaufunga. Macho yakamtoka kama mtu anayekumbuka kitu ambacho hakupenda kukikumbuka mbele ya watu. Akajipapasa mfukoni mwa koti, sijui alikuwa anatafuta mchi.

"Utakosa kazi, Mihayo," akasema, safari hii polepole. "Nakwambia utaikosa. Yule mzee namjua."

"Nitaikosa. Ila akiniuliza nitamwambia yote, baba wa Tabora, mama wa hapa. Halafu na mimi nitamuuliza anataka jibu la nini. Akicheka, ni mtani wangu, nitafanya kazi kwake mpaka nizeeke. Asipocheka, nitamwambia ile asali yake ina maji."

"Umejuaje ina maji?"

Swali zuri.

"Usimjibu kabisa akikuuliza!" Sikudhani akadakia. "Ondoka hapo hapo! Ni tusi!"

"Dada, yule mchumba wa mwezi uliopita, ubini wake nani vile?"

Akanywa chai.

Mama alikuwa ameacha kukunja mkeka. Alinisogelea, akanitengeneza kola ya shati, akanipiga bega pigo moja la nguvu, lile la kicheko.

"Huwezi kwenda bila mimi!" Baba mdogo akasema. "Nani atakutambulisha?"

"Twende basi. Utamwambia mbele yangu."

Akaruka hatua moja. Kwi. Akaruka ya pili, akamshika Sikudhani begani, chai ikamwagika kwenye kitambulisho, wakaanza kugombana upya wote watatu kwa pamoja, sauti ya mama juu ya zote. Mi nikatoka, nikafunga mlango.